Silki imeanika makovu yote ya ukuta wangu, sasa nipake glosi juu?

Swali: Habari fundi. Tuko Kasarani, tumetoka tu kupaka sitting room, fundi alitumia silki ya krimu, ile rangi inayong'aa kiasi. Asubuhi ukuta uko sawa kabisa, lakini ikifika saa kumi jua linaingia na dirisha la balkoni na hapo naona mawimbi, mistari ya skimu (ile pasta ya kulainisha ukuta kabla ya rangi), hadi alama za rola. Mahali mtoto alichora na kalamu fundi alirudi akagusia na brashi, rangi ileile kutoka ndoo ileile, na sasa hapo panang'aa kivyake. Yeye anasema duka lilimuuzia rangi feki. Mume wangu anasema tupake glosi ukuta wote ung'ae sawasawa tumalizane na haya maneno. Unatushauri aje? Na hizi mati, silki, egisheli, semi-glosi, tofauti ni gani haswa? Jikoni na bafu bado hazijapakwa.

Jibu: Dada, kabla ya yote mwambie mzee asinunue hiyo glosi. Najua anachofikiria, kwamba ukuta ukishang'aa wote basi yale madoa yatapotelea ndani ya mng'ao, lakini itakuwa kinyume kabisa, hayo mawimbi unayoyaona saa kumi utaanza kuyaona toka saa mbili asubuhi na hata usiku ukiwasha taa. Na hiyo stori ya rangi feki pia msiimeze haraka. Feki ziko, Nairobi hii nani atakataa, lakini feki huonekana kivingine: haifuniki hata ukirudia mara tatu, ukipitisha kiganja kinatoka na unga mweupe, ukipangusa na kitambaa chenye maji rangi inakuja nacho. Wewe hujataja hata moja ya hizo. Ulichonieleza ni rangi inayofanya kazi yake vizuri juu ya ukuta ambao haukuwa umeandaliwa kupokea rangi ya aina hiyo.

Sasa tuanze na huu mng'ao wenyewe, manake watu wengi wanadhani ni alama ya ubora, kwamba mati, ile isiyong'aa, ni ya bei ya chini, silki ni ya watu wa kati, na glosi ndo rangi yenyewe. Sivyo. Mng'ao ni habari ya uso wa rangi ikishakauka, basi. Uso ukiwa laini, mwanga unaoupiga unarudi pamoja kuelekea upande mmoja, uso ukiwa na chenga unatawanyika kila mahali. Cheki lami ya Thika Road usiku, ikiwa kavu unaendesha ukiona mistari yote, mvua ikinyesha lami ileile inageuka kioo, taa za wanaokuja zinakupiga machoni na mistari huioni tena. Lami haijabadilika, maji yamejaza tu vile vishimo vidogo vya juu uso ukawa laini. Na kwa mkebe wa rangi, kinachojaza vishimo ni gundi, yaani ile resini inayoshika kila kitu pamoja. Glosi imejaa gundi, unga wake (wa kuleta rangi na wa kujaza) huwa kama asilimia 15 hadi 20 tu ya ujazo wa rangi iliyokauka, kwa hivyo gundi inafunika kila chembe na juu kunabaki kumetulia. Mati ni kinyume, unga unaweza kupita nusu, kuna chaki, kuna talki, kuna silika, na vichwa vya hizo chembe vinachomoza juu ya uso. Huwezi kuviona kwa macho lakini mwanga unaviona. Silki na wenzake wako hapo katikati.

Kuna mashine ya kupima hii kitu, ndogo unaishika mkononi unaiweka kwa ukuta, inarusha mwanga kwa pembe fulani alafu inasoma ni kiasi gani kimerudi upande wa pili kwa pembe ileile. Utaratibu wake uko kwa kiwango cha ISO 2813 na pembe zinazotumika sana ni tatu, nyuzi 20, 60 na 85, zikihesabiwa kutoka mstari unaotoka wima kwa ukuta, kwa hivyo 20 ni karibu kuangalia ukuta uso kwa uso na 85 ni karibu kulaza jicho juu yake. Kipimo cha 100 ni kioo cheusi kilichosuguliwa vizuri. Na hapa ndo jibu la swali lako liko, ngoja nikueleze polepole. Hicho kioo cha 100 hakirudishi mwanga wote, kwa nyuzi 60 kinarudisha kama asilimia 10 tu ya mwanga uliokipiga. Kwa nyuzi 20 ni kama asilimia 5. Lakini kwa nyuzi 85 kinarudisha zaidi ya asilimia 60. Kioo ni kilekile, kilichobadilika ni pembe.

Kwa hivyo ukuta wako asubuhi unaangaliwa na mwanga uliotawanyika, unatoka kila upande, hauna nguvu ya kuonyesha kitu. Saa kumi jua limeshuka upande wa magharibi, linaingia na balkoni na kulala kwa ukuta ulio pembeni ya dirisha, ukikaa kwa kochi ukiangalia upande wa dirisha uko karibu kabisa na ile pembe ya 85. Hapo silki inafanya karibu kazi ya kioo, na kila mahali skimu ilipanda au kushuka hata kwa nusu milimita, mng'ao unakatika au unapinda. Juu ya hiyo, mwanga unaolala hutengeneza vivuli vidogo nyuma ya kila kinundu, na hii ya vivuli hata mati haikuokoi yote, nisikudanganye. Mati itaondoa ule mng'aro unaokatika katika, ambao ndo sehemu kubwa ya kinachokuudhi, lakini kinundu kikubwa kitabaki kuonekana hadi kisuguliwe.

Wajuaji wa rangi huwa wanatenganisha vitu viwili hapa, mng'ao wa mbele unaopimwa kwa 60, na mng'ao wa pembeni unaopimwa kwa 85. Kuna rangi nyingi ukizisimamia mbele unaapa ni mati, alafu ukiegemea ukuta ukaangalia urefu wake, eh, inang'aa. Ndo maana ukiwa dukani usichague kwa kuangalia kikadi uso kwa uso, kiinamishe kwa mwanga wa mlangoni uone kinafanya nini.

Kuhusu majina, mati, silki, egisheli, satini, semi-glosi, hakuna sheria inayosema kampuni zote lazima zimaanishe kitu kimoja, silki ya kampuni moja inaweza kung'aa kuliko silki ya jirani yake, kwa hivyo usikamilishe ukuta ulioanza na kampuni hii kwa ndoo ya kampuni ile hata kama namba ya rangi inafanana. Wale wa Master Painters Institute kule Kanada waliamua kuachana na majina wakaweka ngazi 7 kwa namba. Ngazi ya 1 ndo mati kabisa, haizidi 5 kwa nyuzi 60. Ya 3 ni kati ya 10 na 25, hapo wanaiita ya egisheli, ya 4 ni 20 hadi 35, hao ndo satini, ya 5 ni semi-glosi na imepanuka sana, 35 hadi 70, alafu glosi ni 70 hadi 85, na ya mwisho inapita 85. Ulaya wao wana mpango wao wa EN 13300 wenye makundi manne tu, na hapo kuitwa mati ni mpaka upimwe kwa 85 uwe chini ya 10, ukiwa chini ya 5 unaitwa mati iliyokufa kabisa. Silki ya hapa kwetu iweke tu akilini kama mtu wa katikati, kwa kampuni nyingi inaangukia kati ya egisheli na semi-glosi. Kama mkebe una karatasi ya maelezo inayotaja namba, soma namba, jina liache.

Sasa hapo fundi alipogusia. Hiyo inaweza kutokea na rangi halali kabisa, na sababu ziko kadhaa zikipandana. Ukuta ulipakwa na rola, rola huacha vichembe vidogo vya juu chini, brashi inaacha uso ulionyooka zaidi wenye mistari, kwa hivyo mwanga unarudi tofauti hata kama rangi ni moja. Pili, hapo sasa kuna tabaka moja zaidi ya pengine kote, na tabaka la chini lilikuwa limeshafunga, halinywi, kwa hivyo gundi yote ya hiyo rangi mpya ilibaki juu, wakati kule kwingine skimu ilikunywa kiasi. Skimu ikiwa haikupigwa praima, yaani ile rangi ya kwanza ya kufunga ukuta, hunywa gundi vibaya sana, na hainywi sawasawa, ile sehemu iliyosuguliwa sana inakunywa kivyake na iliyosuguliwa kidogo kivyake, utaona mabaka ya mng'ao hata kabla mtoto hajashika kalamu. Tatu ni maji. Kama siku ya kwanza alitia maji kiasi hiki na siku ya kugusia akapaka bila maji, hapo umeshapata vitu viwili.

Na kuna ya nne ambayo mafundi wengi hawaijali: kukoroga. Ule unga wa kupunguza mng'ao ni mzito kuliko gundi, ndoo ikikaa unashuka chini. Ukifungua ndoo ukachota ya juu bila kukoroga hadi chini, unapaka rangi inayong'aa kuliko iliyoandikwa, alafu ile ya chini inakuja kuwa kavu kavu isiyo na mng'ao. Ndoo imekaa wiki mbili kwa stoo, fundi anakuja mbio kugusia mahali padogo kama kiganja, unadhani atakoroga? Ataingiza brashi juu na kwenda. Usimgombeze sana lakini, muulize tu kwa upole alikoroga na nini. Kijiti kinachofika chini, ukikoroga ukiinua kutoka chini kuja juu, sio kuzungusha tu, ndo jibu unalotaka kusikia.

Mbona basi watu wanapenda rangi zinazong'aa? Kwa sababu ya kupangusa, na hapo hawajakosea. Gundi nyingi maana yake uso umefunga, uchafu unabaki juu, unafuta na kitambaa na sabuni unaenda zako. Mati ya kawaida ina vitundu, mafuta ya mikono yanaingia ndani, na ukisugua unavunja vile vichwa vya unga unavilaza, mahali hapo panaanza kung'aa, unajikuta umeondoa alama ya kalamu ukaacha alama ya kitambaa. Ile mikanda ya rangi ya mafuta unayoiona kwa kuta za shule, hospitali na ngazi za ploti, chini glosi ya kahawia au kijivu alafu juu krimu ya maji, haikuwekwa kwa urembo, ni mabega na mikono na mabegi ya watu yanapofika. Ni akili nzuri, na hata ndani ya nyumba unaweza kuiiba, chini silki na juu mati ya rangi ileile, ukitaka weka kimbao katikati pa kutenganisha. Kwa korido yenye watoto napenda sana hiyo.

Lakini siku hizi pia kuna mati za kuoshwa, zinatengenezwa kwa gundi ngumu zaidi na unga uliochaguliwa, bei yake imepanda kuliko mati ya kawaida na mara nyingi kuliko hata silki. Wazungu wana kipimo cha kusugua, ISO 11998, daraja la 1 ni ile rangi ambayo ikisuguliwa mara 200 ikiwa imeloa inapoteza chini ya mikroni 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), daraja la 2 chini ya 20. Ukiona mkebe umetaja daraja la 1 au 2 na ni mati, hiyo ndo ningeweka kwa sitting room yako bila kufikiria mara mbili. Ukikosa, mati nzuri ya kawaida itakufaa mradi ujue hautaisugua kama sufuria.

Kazi yenyewe iende hivi. Usiku zima taa, chukua tochi, ya simu itatosha, ibandike kwa ukuta mwanga ukilala kando, tembea nayo kutoka kona hadi kona na penseli mkononi, kila kinundu na kila shimo chora duara hafifu. Fanya wewe mwenyewe au mkiwa na fundi, lakini ifanyike kabla hajaanza, manake ukimwonyesha makosa baada ya rangi kukauka mtakuwa mmeingia kwa mabishano ya pesa. Ukuta uoshwe na maji ya sabuni ukauke. Kisha msasa, namba 180 kwa vinundu, 220 kupitia ukuta wote kuua ule mng'ao wa silki, rangi mpya haipendi kushika kwa uso unaoteleza, na avae maski, hilo vumbi la skimu si la kuvuta. Mashimo yajazwe fila, yasuguliwe tena, tochi irudi tena. Alafu praima ukuta mzima, sio pale palipojazwa fila tu, manake fila itakunywa rangi na silki ya zamani haitakunywa na utarudi kuniandikia tena. Mwisho mati mikono miwili.

Kama ndoo ni zaidi ya moja, zimiminwe pamoja kwa chombo kikubwa zikorogwe ziwe kitu kimoja. Fundi akate kona na brashi kwa ukuta mmoja na apige rola papo hapo kona zikiwa bado mbichi, asikate nyumba nzima asubuhi alafu rola ije mchana, utapata fremu inayong'aa kuzunguka kila ukuta. Akianza ukuta aumalize, chai atakunywa akifika kona. Na ikiwa fresh usihukumu mng'ao, kila rangi inang'aa ikiwa mbichi, subiri angalau siku nzima, na kuosha usioshe mpaka wiki 2 hadi 4 zipite.

Kuanzia hapo, mahali pakichafuka tena usikubali kuguswa katikati ya ukuta kwa brashi. Kwa mati kugusia huwa kunakubali, hiyo ni faida yake moja kubwa, kwa rola ndogo na rangi iliyokorogwa. Kwa silki na kuendelea, unarudia ukuta mzima kutoka kona hadi kona au unaiacha.

Jikoni silki au semi-glosi ya maji, hapo mafuta ya kukaangia yanahitaji uso wa kupangusa, na kuta za jikoni zimejaa kabati na tailsi hata mawimbi hayapati nafasi. Bafu vilevile, semi-glosi, tafuta iliyoandikwa ya kuzuia kuvu, lakini dada, kama bafu haina dirisha wala feni hakuna mng'ao utakaozuia kuvu, itamea juu ya glosi ikifurahia. Dari ya bafu ipewe silki, dari zingine zote mati, na kama mna mpango wa jipsamu yenye zile taa za LED za kuzunguka, hiyo taa inalala kwa dari siku zote, ni saa kumi yako ya kila usiku, kwa hivyo mati iliyokufa kabisa na maungio ya jipsamu yapigwe praima.

Milango na fremu, glosi au semi-glosi, hakuna mjadala, ila glosi nyeupe ya mafuta hugeuka njano kwa korido zenye giza, ukitaka nyeupe ikae nyeupe chukua ya maji. Geti na grili ni glosi ya mafuta, ujue tu jua letu hapa juu karibu na ikweta litaila mng'ao wake, itaanza kutoa unga na utarudia. Na glosi ya mafuta isipakwe jioni za Julai nje, umande ukiikuta haijakauka inapauka yote, fundi aanze asubuhi jua likishatoka na afunge kazi mapema.

Kuhusu kuibadilisha rangi yenyewe, ukitumia namba ileile ya krimu kwa mati usishtuke ikionekana imepauka kidogo, mwanga uliotawanyika juu ya mati huchanganyika na rangi ukaifanya nyepesi, kwa silki inakolea. Ukitaka ifanane na uliyozoea chukua krimu iliyokolea kidogo zaidi, kama nusu ngazi. Na yule mtu wa kukushawishi ukuta mmoja uwe wa bluu nzito au mweusi nyuma ya TV, mwambie utangoja, rangi nzito kwa mng'ao inaonyesha kila kinundu na kwa mati inaonyesha kila mkono uliopita.

Hiyo silki iliyobaki ipeleke jikoni kama rangi yake inakupendeza, usikubali kuichanganya na mati ati upate ya katikati, hakuna mtu atakayeweza kurudia hiyo hesabu siku ndoo ikiisha. Mkishamaliza msasa, kabla ya praima, nitumie picha moja, iliyopigwa ukiwa umesimama pembeni ya ukuta saa kumi, ya mbele haitanionyesha kitu.